Chumba Nilichoacha Bila Sakafu

Admin, nifichie jina na usitaje avenyu yetu, maana hapa Kolwezi tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mbili, fundi wa kujenga, nina mke na watoto wanne. Naandika haya bila machozi. Tangu nyumba niliyomjengea jirani ianguke sisikii uchungu wala njaa, na mke wangu anasema afadhali ningelia.

Miaka mitatu iliyopita jirani yetu, nimwite Tata Franki, alinipa kazi ya kumjengea nyumba ya vyumba vitatu. Tulipofika kwenye sakafu akanivuta pembeni: "Fundi, mu chumba ya nyuma usitie simenti. Acha paka udongo, mi nitaweka mbao." Yaani nibakize udongo tu. Kwetu hakuna anayeuliza kwa nini. Chini ya mtaa kuna madini, na asiyetaka kuonekana huchimba ndani ya chumba chake. Nilielewa, nikanyamaza, nikajiona mwenye busara. Kumbe mjinga ni mimi. Siku ya kukabidhi nyumba alileta karatasi ya Kifaransa inayosema sakafu yote imemwagwa zege. Nikasaini huku nacheka.

Mwezi uliopita, mchana kweupe, chumba kile kilizama na ukuta ukafuata. Mke wake alikuwa anapika uani, tofali zikamvunja mguu. Nilikimbia kumtoa. Tata Franki akaninyooshea kidole mbele ya watu: "Weye ndjo ulijenga mubaya! Sahihi yako iko!"

Amenishtaki. Anataka nimjengee upya, la sivyo nimwachie parseli yangu, kiwanja ninachoishi na watoto. Nilikwenda kwa mwanasheria. Akanieleza polepole kwamba kwa sheria yetu nyumba ikianguka, mjenzi anawajibika kwa miaka kumi, hata kama kosa ni la ardhi yenyewe. Njia ya kujiokoa aliyoiona ni moja: niombe mahakama ilete wataalamu, wafukue kifusi na kuliona shimo la Tata Franki. Nilimshukuru, nikatoka, nikatembea mpaka nyumbani sikumbuki nilipita wapi.

Mama yangu anakaa nyumba ya nne kutoka kwa Tata Franki. Alishafukuzwa mara moja, mtaa wa zamani, mgodi ulipopanuliwa na nyumba zikapigwa alama nyekundu. Nilipomweleza aliacha kutwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni.

"Batu ya mugodi bakiona ile shimo, batajua madini iko chini yetu. Batatufukuza avenyu yote. Mi nitaenda wapi tena, mutoto yangu?"

Basi nikaamua kunyamaza. Mke wangu alinuna, lakini niliamua.

Juzi mama akaniita nimtengenezee mlango wa chumbani, unagoma kufunga. Mlango ule niliuweka mwenyewe na haukuwahi kugoma. Nikaangalia juu ya fremu, nikaona ufa umepanda mpaka kwenye paa. Fundi haambiwi maana ya ufa wa namna hiyo. Shimo la Tata Franki limechimbwa chini kwa chini mpaka limefika kwake. Nikamwambia, "Mama, nyumba inashuka."

Akanijibu, "Ni mvula tu ile. Tia paka simenti."

Nikatia. Mikono ilifanya kazi yenyewe, mimi sikuwepo.

Kesi ni wiki ijayo. Nikisema, mama anafukuzwa tena. Nikinyamaza, analala juu ya shimo. Ndugu zangu mnaosoma, kama angekuwa mama yenu, mngesimama mbele ya jaji mkasema nini?