Nyumba Niliyojengewa Nikiwa Melini

Siku waliponijengea nyumba walikuwapo baba mdogo, mdogo wangu anayenifuata, mke wake aliyekuwa karibu kujifungua, dada yetu kitinda mimba, na jirani mmoja mwenye ngazi. Mwenye nyumba sikuwapo. Nilikuwa baharini, napachika milango.

Niliacha shule kidato cha pili tulipowazika wazazi, nikajifunza useremala Homa Bay. Vitanda na milango. Milango ndiyo iliyonifikisha kwenye meli ya watalii. Meli hiyo ilikuwa na tarehe yake ya kuingia chelezoni, itolewe majini ikarabatiwe, lakini wenyewe hawakutaka kupoteza safari, basi tulianza kazi wageni wakiwa ndani. Ujia mmoja ulizibwa kwa turubai; upande huu tunabomoa vyumba, upande wa pili watu wanacheza muziki. Nyundo ilikuwa na saa zake. Saa nyingine tulifanya kazi ya mikono tu, kimya, kama watu wenye mgonjwa ndani.

Nilikuwa nimemwahidi mdogo wangu kwamba meli ikitoka chelezoni nitarudi nyumbani, Nyatike. Kwetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Mpaka mkubwa asimamishe simba yake, ile nyumba ya kijana katika boma la baba, anayemfuata hungoja. Yeye na mkewe walikuwa wamepanga chumba Sori, na alitaka mtoto atoke hospitalini aingie bomani kwetu. Nguzo na mabati alikwisha kununua.

Chelezoni kazi haikuisha. Ujia mzima ulibaki bila milango, na wageni wa safari iliyofuata walikwisha kata tiketi. Msimamizi akataka maseremala tumalizie njiani. Ningekataa, nisingeitwa tena, na dada yetu alikuwa bado chuoni. Nikapiga simu nyumbani.

"Kwa hiyo wazungu watapata milango," baba mdogo alisema. "Na mtoto wa ndugu yako atapata nini? Turubai?"

"Ajenge tu, baba. Mimi nimeruhusu."

"Wewe nani uruhusu? Hata mimi sikumruka baba yako, na kwa kujenga alikuwa mvivu, nakwambia."

Mdogo wangu akachukua simu. "Omera, ndugu yangu, kukuruka siwezi. Tutakujengea wewe kwanza."

"Kwa mabati gani?"

"Yapo."

Yalikuwa yake. Waliijenga siku moja, ndogo, ya udongo. Kisha akaanza yake kwa mabati yaliyobaki, na hayakutosha. Mtoto alipoletwa nyumbani, nusu ya paa ilikuwa turubai, na mvua ilikuwa imeanza.

Niliporudi, mtoto alikuwa ameshajua kukaa. Nililala katika simba yangu kama inavyotakiwa. Mdogo wangu ni mvuvi. Mlango alionipachikia ulikwaruza sakafu kila nilipoufungua. Nikachukua randa.

"Uache," akasema. "Utaunyoosha siku utakayorudi kukaa."

"Na nikirudi mzee?"

"Sakafu itakuwa imeshalika, utafunguka wenyewe."

Mabati nilimrudishia kabla sijaondoka. Nilipanda mwenyewe juu ya paa lake nikalitoa turubai. Lakini ile siku aliyonipa, mawingu yakikusanyika na mkewe akimpokeza misumari huku ameshika kiuno, sijamrudishia. Meli niliyomo sasa nayo inasubiri tarehe yake ya chelezo. Mlango bado unakwaruza, nami bado nina deni lake la siku ile.