Mgeni Hupewa Nyeupe

Mume wa dada yangu amekula chakula cha mchana kwetu kila Ijumaa kwa miaka mitano, na bado ni mgeni. Jambo hilo naliweka mwanzo kwa sababu hasira zangu zote zilianzia hapo.

Nyumbani kwetu, katika sataranji, mgeni hupewa kete nyeupe. Hiyo ni desturi ya babu yangu, mzaa mama. Alijifunza mchezo huo kisiwani Chula alipokuwa kijana, na watu walipohama akauchukua pamoja naye mpaka Mombasa, ambako mimi nilizaliwa. Alisema mgeni ameacha kwao, basi usimkalishe akasubiri. Mpe nyeupe aanze yeye. Nadhani babu alikuwa akimfikiria mtu anayeshuka chomboni, akalala siku mbili, akaenda zake. Hakumfikiria mkwe ambaye nyumba yake iko mitaa minne kutoka kwetu, hapa hapa Kismayu, na ambaye anajua mama anaficha wapi sukari.

Basi kila Ijumaa, baada ya kula, shemeji alijinyoosha kwenye mkeka, akauvuta ubao, akazipanga nyeupe upande wake bila kuuliza. Mimi nikabaki na nyeusi. Kwa asiyeujua mchezo: mwenye nyeupe ndiye anayeanza, na anayeanza huchagua vita. Mwenye nyeusi hujibu. Mtu mmoja kucheza nyeusi mwaka baada ya mwaka ni sawa na kuulizwa maswali siku zote na wewe usiulize hata moja.

Mimi si msemaji. Watu wakiwa zaidi ya watatu chumbani, maneno yangu hunipotea. Kwa hiyo sikusema kitu. Nilicheza.

Shemeji alikuwa na shambulizi moja tu, na alilipenda kama watu wanavyopenda koti moja. Mbele ya yule tembo, kete inayokwenda mshazari, aliyesimama karibu na mfalme kuna askari mmoja ambaye mwanzoni hana mlinzi ila mfalme mwenyewe. Shemeji alimtoa tembo wake mapema akamwelekeza huko. Kisha akamtoa farasi, akamrusha mara ya pili kabla hata hajatoa kete nyingine, na huyo naye akamtazama askari yule yule. Wawili juu ya mmoja. Ukisinzia kidogo, farasi anamla askari, anamshika waziri wako na ngome yako kwa pamoja, na mchezo umekwisha kabla chai haijapoa.

Mara ya kwanza aliponifanyia hivyo sikuogopa hata kidogo, na hapo ndipo nilipokosea. Katika mchezo wa babu, mfalme ana ruhusa ya kuruka kama farasi, mara moja tu katika mchezo mzima. Mama aliufundishwa hivyo, na mimi nilifundishwa hivyo, na sikujua kama kuna watu duniani wanaocheza vingine. Kwa hiyo nilimwacha farasi wake amle askari. Nikamla farasi kwa mfalme wangu. Waziri wake akaja kumtisha mfalme, mfalme akasogea katikati ya ubao, na mimi nikatulia, kwa sababu nilijua bado nina ule mruko. Alipozidi kunibana, nilimwinua mfalme nikamrusha mpaka mstari wa nyuma.

Shemeji aliutazama mkono wangu.

"Amekwenda wapi huyo?"

"Ameruka."

"Ameruka. Kwani ni chura?"

Dada yangu alicheka mpaka akamwamsha mtoto. Mama alisema kwa upole kwamba ndivyo anavyocheza mchu wa kwao, yaani mtu wa visiwani. Shemeji alitoa simu, akaonyesha kanuni zilizoandikwa humo, akasema: "Mama, dunia nzima mfalme anatembea hatua moja. Huko kwenu visiwani mlimfunza kuruka kwa sababu ya kukimbia, nyinyi hamna kazi nyingine."

Aliyasema akitabasamu, na mashemeji wana ruhusa ya kutaniana. Lakini babu yangu alikimbia Chula na watoto wanne usiku mmoja, hakuruka kwa kupenda, na mama yangu alikuwa mmoja wa hao wanne. Mama aliinama akaokota vikombe.

Nilitaka kusema hivi: wewe unakula desturi ya nyumba hii kila Ijumaa. Mgeni hupewa nyeupe, hilo halimo katika simu yako, na bado unalichukua. Ila desturi ya pili, ile inayonifaa mimi, hiyo ndiyo ushamba. Maneno haya nimeyapata sasa, ninapoandika, na kila mstari unanichukua muda. Siku ile nilisema tu, "Haya," nikamrudisha mfalme mahali pake, nikashindwa.

Niliendelea kushindwa. Alizoea kunisifu kabla ya kuniua. "Abaayo, leo umejitahidi," alisema; ndivyo wanavyomwita dada kwa Kisomali. Halafu farasi aliruka.

Lakini lililonitia hasira ya kweli lilikuja baadaye. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane Mombasa, tukarudi Kismayu, na shule ikaishia hapo. Hakuna aliyeniambia usisome. Jambo lilinyamaza tu. Shule iliyo karibu nasi husomesha kwa Kisomali na Kiingereza. Kisomali nakisema, lakini sijawahi kukiandika, na kila mwaka uliopita uliniongezea aibu ya kuuliza. Ijumaa moja mama alimwambia shemeji: "Mwanangu, huyu mdogo wako anatamani shule. Baba yake anakusikiliza wewe, uliyesoma. Mwambie."

Hilo ni kweli. Baba ni fundi wa kutia kalafati mashua, yaani kuziba nyufa zake kwa pamba na mafuta, hajakaa darasani ila la Kurani, na humheshimu mkwe wake kuliko inavyofaa.

Shemeji aligonga ubao kwa kidole. "Anishinde mara moja. Mara moja tu, kwa nyeusi zake hizo. Siku hiyo hiyo nitazungumza na baba."

"Isije ikawa kamari," mama alisema.

"Kamari iko wapi, mama? Nani ametoa kitu? Ni ahadi. Nampa sababu ya kutumia akili."

Mama aliridhika. Mimi nilikaa pale nikiona masomo yangu yamewekwa juu ya ubao kama kete ya ziada. Yeye hakuombwa acheze, aliombwa aseme maneno kumi kwa mzee aliyelala chumba cha pili. Hata hivyo nilikubali, kwa sababu niliona kumshinda mtu kwenye sataranji ni rahisi kuliko kumwambia baba ninachotaka.

Kwa miezi mitatu nilijifunza peke yangu. Asubuhi, wali ukiwa jikoni na mama akiwa sokoni, nilizipanga kete na kuzicheza pande zote mbili. Nilimpeleka farasi mweupe pale anapopenda, nikajaribu kila jibu. Ukikataa kumwona, unakufa. Dawa ya kwanza ni kumsukuma askari wa mbele ya waziri hatua mbili, aizibe njia ya tembo. Nyeupe atamla. Hapo kosa langu lilikuwa kumlipizia mara moja, kumla aliyenila, kwa sababu mtu akichukua chako unataka kukirudisha. Niliunguza wali mara mbili kabla sijaelewa kwamba huyo ndiye anayetakiwa kuachwa. Acha askari aende. Mchukue farasi wa upande wa waziri, mtoe pembeni kabisa, mahali panapoonekana pa kijinga, amguse yule tembo. Sasa tembo ndiye anayehangaika. Na tembo akihangaika, farasi aliyeruka mbele anabaki peke yake, na kila askari wako anayesogea anamfukuza.

Maana yake ni kucheza ukiwa umepungukiwa na askari mmoja, na kutulia. Hilo lilikuwa gumu kwangu kuliko hesabu yoyote. Nilikuwa nimeudhika mno kwa vitu vilivyochukuliwa.

Ijumaa niliyomshinda ilikuwa ya joto, na dada alibaki kwake kwa sababu mtoto alikuwa na homa. Baba alikuwa amelala chumba cha pili kama kawaida. Shemeji alizipanga nyeupe. Tembo akatoka. Farasi akatoka, akaruka tena.

Nilimsukuma askari wangu. Akamla. Nikamtoa farasi pembeni.

"Huyo ndiye amekimbia kabisa," alisema. "Amefika ufukweni, anatafuta mashua."

Tembo wake alimtisha mfalme wangu, nikaziba kwa askari, tukalana askari wawili, na tembo akarudi nyuma. Nikasogeza askari wa pembeni, farasi wake akarudi. Nikasogeza askari wa kati, naye akarudi tena, safari hii mpaka kwenye nyumba yake ya mwanzo. Farasi aliyekuwa akinitambia miaka mitano alirudi pale pale alipozaliwa, na upande wake wote hakuna aliyekuwa nje ila tembo mmoja, hatua moja mbele ya mfalme.

"Chai iko wapi?" aliuliza.

"Inakuja," mama alisema. Alikuwa amesimama mlangoni na hakwenda.

Nilimtoa tembo wangu akalenga askari mmoja, yule aliyeanza mbele ya tembo wake, karibu na mfalme. Maana nyeupe naye ana huyo huyo. Yeye akatoa farasi wa pili. Nikamweka waziri katikati ya ubao, mbele ya tembo wangu, wote wawili wakimtazama askari yule. Sasa aliona. Alimtoa farasi wa kwanza pembeni amlinde. Nikamla farasi huyo kwa tembo wa pili, akanila kwa askari wake, upesi, na kwa sura ya mtu aliyepata faida. Waziri wangu akamla askari yule, tembo akimlinda. Mfalme wake hakuwa na pa kwenda: kulia waziri wangu anapaona, kushoto na mbele wake mwenyewe wamemziba.

"Mati," nilisema.

Aliukagua ubao. Alinyoosha kidole huku na huku. Mama alisema, "Naona amekushinda, mwanangu," na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sijawahi kukisikia ndani yake.

"Leo sikulala vizuri," alisema shemeji. Akaanza kuzipanga kete upya, nyeupe upande wake.

Nikauliza: "Na baba?"

"Baba ana nini?"

"Ulisema utazungumza naye. Siku hiyo hiyo."

Alicheka. "Shemeji, ule ulikuwa utani. Na ukiutazama vizuri, kuwekeana kitu juu ya mchezo ni kamari, na ahadi ya kamari haimfungi mtu. Mama mwenyewe alisema." Akamgeukia. "Si ulisema, mama?"

Yalikuwa maneno ya mama kweli, na shemeji ndiye aliyeyakanusha siku ile, na sasa alimrudishia kama kwamba ni ya mama peke yake. Alijua kutumia simu dhidi ya babu, na dini dhidi yangu, na desturi alipotaka kuanza. Sikuona kanuni hata moja iliyowahi kumzuia yeye.

Sikugombana naye. Niliinuka, nikapita mbele yake, nikabisha mlango wa baba. Sijawahi kumwamsha baba Ijumaa mchana. Alikaa kitandani akajifuta uso kwa shuka.

"Kuna nini? Mtoto?"

"Hapana. Nataka kurudi shule."

"Nani kakuzuia?"

"Shemeji alisema atakwambia. Miezi mitatu iliyopita."

"Hajaniambia kichu." Alivaa kofia yake polepole. "Na wewe? Una mdomo. Mimi nilidhani umechoka na shule. Tangu tumerudi hujaitaja."

Miezi mitatu nilijiandaa kujibu kila hatua ya farasi mweupe, na sikujiandaa kwa swali hata moja la baba.

"Kisomali chao utakiandika?"

"Sijui bado."

"Watakurudisha nyuma. Utakaa na watoto wa miaka kumi na mitatu, na wewe una kumi na tisa. Watakucheka."

"Nimeshachekwa."

Kutoka mkekani, shemeji alisema kwa sauti ya furaha kwamba lilikuwa wazo lake tangu zamani, na kwamba anamjua mwalimu mmoja pale. Baba alinigeukia mimi. Aliniambia: "Kesho Jumamosi wamefungua. Chukua cheti chako cha Mombasa."

Tulikwenda kwa miguu, baba mbele, vidole vyake bado vina mafuta ya papa ya kazini. Mwalimu aliniuliza darasa la mwisho nililosoma, akakisoma cheti, akaniuliza kama ninaona vizuri ubaoni nikikaa nyuma. Nilisema naona. Aliandika jina langu katika daftari, akasema nije kesho yake. Haikuchukua muda wa birika kuchemka.

Baba alifurahi njia nzima. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa na hasira zaidi ya nilivyotoka, kwa kuwa jambo dogo hivyo nililisubiri miaka yote ile.