Nimempigia sufuria mume wangu mwenyewe

Leo nimeponea chupuchupu kuwa mjane, na ndoa yetu ina majuma matatu tu!

Asubuhi Patrick wangu ameniaga, ameenda kazini.
Mara nasikia mtu anatembea juu ya mabati yetu.

Ninyi wa Goma munajua: ukisikia mwizi, unapiga sufuria, avenue nzima inatoka.
Nikapiga kwa nguvu zote.

Watu wa mtaa wetu wa Katoyi wakajaa uani na mawe ya volkano.
“Anaiba waya za kuran, umeme wetu! Mumushushe!”
Wakamvuta mguu, akaanguka kifudifudi. Wakampiga mateke mbavuni. Jirani yetu Papa Bahati akampasua kichwa kwa jiwe.

Akageuza uso.
Patrick!

Nikamlalia juu. Fimbo mbili zikanipata mgongoni.
“Ni bwana yangu! Munamuua bure!”

Wakaacha kupiga.

Kumbe kazini hakwenda. Alitaka kunishtua kwa furaha: alikuwa anafunga antena ya intaneti ya kasi, ile ambayo hakuna anayetuletea huku Katoyi, nisipande tena pikipiki hadi mjini kwa kutuma faili moja tu. (Mpenzi wangu huyu!)
Na waya aliyoshika ilikuwa ya kuwagawia majirani intaneti hiyo.

Papa Bahati akapiga magoti, akamfunga kichwa kwa shati lake. Halafu, kwa haya:
“Mutoto wangu, na kwangu itafika?”

Patrick, damu ikimwingia jichoni:
“Nilikuwa naanza na kwako, papa.”

Jamani, semeni ukweli: ninyi mungemujibu hivyo?