Punje ya Buni kwenye Sitaha

Siku yangu ya kwanza kwenye manowari ya kubeba ndege nilipewa fulana ya buluu na kazi ya kuokota takataka. Mimi mtoto wa mji wa Merti nilikuwa nimehamia ng'ambo na kujiunga na jeshi la majini la huko. Nyumbani walitangaziana kwamba naendesha ndege, nami sikuwakatalia.

Kila asubuhi, kabla ndege hazijaruka, tulijipanga bega kwa bega kwenye sitaha, yaani uwanja wa juu wa meli, tukatembea macho chini kama watu wanaofuata nyayo za ngamia aliyepotea. Injini za ndege hufyonza kila kitu. Skrubu moja tu ikiingia, injini imeharibika na rubani yuko hatarini. Kwa hiyo mifuko yetu ilitakiwa iwe mitupu.

Wangu haukuwa mtupu. Mama alinitumia buni za kahawa zilizokaangwa kwa samli, zile tunazotafuna sisi Waborana, na bila hizo nilijiona yatima.

Meli ilituzungusha bahari nyingi, ikaingia karakana, ikarudi majini. Mimi na rafiki yangu Tolesa, Mworomo kutoka Ethiopia, tulikuwa tukingojea fulana ya njano, ya wanaoongoza ndege kwenye sitaha. Nafasi ilikuwa moja.

Asubuhi moja punje ya buni ilionekana karibu na mtambo wa kurushia ndege. Mkuu wa Sitaha akaiinua.

"Hii ni ya nani?"

Niliufunika mfuko wangu kwa kiganja. Macho yote yalimgeukia Tolesa, kwa kuwa ndiye aliyezoea kututengenezea kahawa. Alinitazama kidogo.

"Sijui, afande," akasema.

Hawakumwamini. Walimpeleka chini kufua nguo, mahali pasipoona jua, na fulana ya njano nikavaa mimi. Niliivaa miaka mingi, na naona aibu hadi leo.

Meli ilizeeka, bendera ikashushwa, ikavutwa kwenda kukatwa vyuma chakavu. Nami nikastaafu, nikarudi nyumbani na kujenga hapa mtaa wa Kiwanjani. Niliposikia hakuna kilichobaki cha meli ile, ndipo nikampigia Tolesa. Tuliulizana habari za watoto na mvua, mpaka nikaishiwa na maneno ya kujifichia.

"Ile buni ilikuwa yangu," nikamwambia.

"Najua. Asubuhi ile nilikuona ukitafuna tukipanda ngazi. Jioni ile nilikuwekea nafasi mezani, nikangoja uje useme ukweli."

Sikwenda mezani jioni ile. Nilikuwa nyuma ya meli, namwaga buni za mama baharini, nakung'uta mfuko usibaki na kitu.