Siku Tulipomfanyia Anjela Sendofu

Sisi tuliokulia Sokon I, Arusha, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kumiminika sokoni, tunajua kwamba mdoli wa dukani alikuwa wa watoto wa wakubwa. Wengine tulisuka nywele za hindi bichi, tukalibeba hindi lenyewe mgongoni, tukalibembeleza hadi likanyamaza. Likishakauka, mama analitumia kuwashia jiko. Tulilia kidogo, tukaenda shambani kuchuma jingine.

Kwa hiyo siku mama yangu, muuza mitumba, alipofungua belo jipya akakuta mdoli mdogo ndani ya mfuko wa koti la mtoto, nyumba nzima ilikuja kuchungulia. Hakuzidi kiganja changu. Alikuwa na macho ya bluu na hakuwa na hata uzi mwilini.

"Mvike mgeni wako," mama akaniambia. "Baridi hii ya Juni itamuua."

Nilikuwa na miaka tisa. Nikamwita Anjela, nikaanza kuhangaika naye kama mzazi. Sweta lake la kwanza nilikata kwenye ncha ya soksi iliyopotelewa na mwenzake, nikatoboa matundu mawili ya mikono. Sketi ilitoka kwenye mabaki ya kitenge niliyookota chini ya cherehani ya jirani. Nilijichoma sindano mpaka vidole vikafa ganzi, lakini Anjela alipendeza, na mimi nilitembea naye mtaani nikiringa.

Samani zilitoka kwa baba. Alikuwa seremala, na karakana yake ya mabati ilikuwa nyuma ya nyumba. Mpaka leo nikisikia harufu ya paini iliyorandwa, naona kaptula yake yenye vumbi na penseli sikioni. Hakunipa msumeno mpaka nilipomaliza wiki nzima ya kupiga msasa tu. "Mbao ukishaikata haina msamaha," alikuwa akisema, kisha ananisogezea vipande visivyo na kazi. Nikatengeneza kitanda, godoro lake nikalijaza pumba za mbao. Nikatengeneza kabati la vyombo, vioo vyake nikavikata kwenye karatasi ya nailoni ya shati jipya. Sofa zilikuwa tatu, na kila moja ilikuwa na kitambaa cha kufuma mgongoni, maana Arusha ile sofa bila kitambaa ilikuwa aibu ya mama mwenye nyumba.

Rafiki yangu Mwanaidi, ambaye wazazi wake walitoka Kondoa, alikuwa na mdoli wake wa soksi ya shule, macho ya vifungo. Aliitwa Shabani. Likizo ilikuwa ndefu, na tulikuwa tumechoka kudaka mpira. Tukaamua Shabani amwoe Anjela. Ubishi wa msikitini au kanisani tuliumaliza haraka: wafunge bomani.

Lakini kabla ya ndoa, binti wa watu anaagwa. Tukafanya sendofu ya nguvu. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma wa sherehe, ilikuwa kiazi kitamu cha kuchoma, miguu ya njiti za kiberiti, majani mdomoni kama mbuzi mwenyewe. Watoto wa mtaa mzima walikuja wakala, wakacheza, wakamtunza bibi harusi vifungo na shanga. Nilitoa hotuba ya mama mzazi, nikataja kitanda, kabati na sofa kimojakimoja, nikapigiwa vigelegele. Shabani alipolazwa kitandani kujaribu, miguu yake ilining'inia nje kuanzia magotini. Nilikuwa nimempima bibi harusi peke yake.

Sherehe ilipokwisha tukafunga ndoa ya bomani hapohapo, kisha Mwanaidi akamfunga Anjela kwenye leso, akapanga samani zote juu ya kifuniko cha boksi, akajitwisha.

"Unampeleka wapi?"

"Kwa mume wake," akajibu, akishangaa swali.

Mungu wangu! Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Nilikimbilia kwa mama nikilia, nikimtaka akamrudishe mtoto wangu. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Shangazi zako tuliwasindikiza na makabati yao," alisema alipopata pumzi. "Ni yupi aliyerudi jioni ileile?"

Asubuhi nilikwenda mwenyewe kumchukua. Mama yake Mwanaidi alikuwa mlangoni akichambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Mbona umekuja mikono mitupu?"

Niligeuka nikarudi nyumbani nimeinama. Nikachonga stuli, nikapeleka, nikaruhusiwa kumpakata Anjela mpaka adhuhuri. Ikawa hivyo. Kila nilipomkumbuka ilibidi nitengeneze kitu: kinu na mchi wake, kanzu ya Shabani, kitanda kirefu cha kuwatosha wote wawili. Moyoni nilikuwa nahesabu siku za kumrudisha. Mikono nayo ilikuwa inajifunza kazi, mpaka baba akaanza kunipa stuli za wateja nizipige msasa.

Mwaka wa pili, baba yake Mwanaidi alimaliza kibarua chake, wakaamua kurudi Kondoa. Lori likiwa linapakiwa, Mwanaidi alikuja kwetu, macho mekundu, leso mkononi.

"Mama kasema nimrudishe kwao," akanyoosha mkono.

Nilimpokea Anjela. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa hamu kubwa. Nikamfungua leso. Tundu la mkono la sweta lile la soksi lilikuwa limeshonwa upya, kwa uzi wa rangi nyingine, mishono midogo ya mtu aliyekaa muda mrefu akihangaika. Kichwani alikuwa na kilemba ambacho sikukifunga mimi.

Nikamfunga tena, nikamrudishia. "Nenda naye. Hajaachika huyu."

Lori lilipoondoka nililia vibaya sana. Mama safari hii hakucheka.

Siku hizi naishi Njiro, na binti yangu Upendo ana midoli minne na nyumba yao ya ghorofa ya plastiki. Juzi mguu wa meza yao ulivunjika, akaja kuniambia tununue meza nyingine. Nilipomwambia tuchonge mguu, alinitazama kama nimemwambia twende tukafyatue matofali. Simlaumu, karakana ya babu yake hakuiona. Siku zile kitu kilikuja kwako kikiwa uchi, ukakipa kila ulicho nacho. Nazitamani siku hizo, sina la kuficha.

Nikamsimulia habari za Anjela. Alisikiliza mpaka mwisho, akakunja uso.

"Kwa hiyo mama, ulimtoa tu, ukabaki huna mdoli?"

"Mdoli?" nikasema. "Yule alikuwa binti yangu wa kwanza. Nilimwoza."