Mahali Alipoonyesha Jabez

Mjomba wangu Jabez Orrell alichimba makaburi ya Wendlow kwa miaka arobaini na minne, na ramani hakuwa nayo. Ilikuwa kichwani. Kanisa letu liko peke yake juu ya kilima cha chokaa, nasi tunaishi bondeni kando ya kijito, kwa sababu kijiji cha kwanza, kilichokuwa kule juu, kilimalizwa na tauni. Vimebaki vituta chini ya majani, hadi ndani ya ua wa kanisa, kila kituta nyumba ya mtu. Mjomba alivizunguka hata akiwa amechelewa. "Utakatizaje sebuleni kwa watu?" alikuwa akinigombeza.

Katika theluji kuu ya mwaka arobaini na saba barabara ilifungwa wiki sita. Homa ikamchukua Nell, binti wa Hester Pym, mtoto wa miaka minne, mama yake akiwa kitandani hajitambui. Wiki ile mjomba alizika watu watano, akipasua ardhi kwa sururu, akachomeka vijiti vya alama. Theluji ilipoyeyuka, maji yakavizoa vijiti vyote.

Mwezi wa nne Hester akapanda kilimani, bado anatembelea fimbo.

"Jabez, mwanangu yuko wapi?"

Mjomba hakuwa na hakika. Lakini mchimba makaburi wa Wendlow hasemi sijui. Baba yake hakusema, babu yake hakusema. Akanyoosha kidole.

"Pale, karibu na ukuta."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya mjomba ilichukua miaka thelathini na moja. Kila Jumapili Hester alipeleka maua pale ukutani, akapiga soga na majani, na mjomba akajificha nyuma ya mnara mpaka aondoke. Mimi nilikuwa nikimtania kwamba anampenda, anaona haya. Mjinga mimi.

Kisha Hester akashikwa na kifua, akamwita mjomba. Nilikuwa jikoni kwake nikichemsha chai, nikasikia yote.

"Nichimbie ubavuni mwa Nell. Karibu kabisa, nimguse."

Mjomba akavuta kiti karibu na kitanda. "Hester, jana, niliposikia unaumwa, nilichoma nondo ardhini pale kupima. Ni mwamba mtupu. Hapajawahi kuchimbwa."

"Na ulijua?"

"Nilikuwa na wasiwasi. Tangu siku ile."

"Basi niambie, Jabez. Miaka yote hii nilikuwa nikimsimulia nani habari za nyumbani?"

Mjomba akaanza kulia. Hester hakulia.

"Nyamaza bwana, unanichosha. Nizike popote. Nitamtafuta mwenyewe."

Tulimzika Novemba, kando ya lango. Asubuhi ya tatu mjomba alinigongea mlango, uso umempauka. "Njoo uone. Nataka shahidi, wasije wakasema nimelewa."

Sakitu, umande ulioganda, ilikuwa imefunika ua mzima, nyeupe. Kutoka kaburi la Hester zilianza nyayo za miguu mitupu, midogo, ya mwanamke. Hazikutoka nje ya lango. Zilikwenda kaburi hadi kaburi, zikisimama kila mahali kama mtu anayebisha hodi, na vile vituta vya kale zilivizunguka vyote, hazikukanyaga hata kimoja. Wanaotaka kucheka na wacheke. Nilizifuata kwa miguu yangu mwenyewe.

Ziliishia upande wa pili wa kanisa, chini ya mti mkubwa mweusi. Nyayo za kurudi hazikuwapo.

Mjomba akashusha nondo ardhini polepole. Ilizama bila shida, kisha ikagusa ubao wa jeneza. Akaichomoa, akaliziba tundu kwa kidole gumba.

"Tumhamishie huku Hester?" nikamuuliza.

"Ya nini? Ameshafika."

Akavua kofia, akapiga magoti kwenye baridi ile, akainamisha kichwa hadi karibu na majani.

"Sikujua, Nell," akasema. "Sikujua ulipo."