Rafiki Yangu Anakuja Kumwona Mwanamke wa Kwenye Tovuti

Admin, ficha jina langu na la mume wangu, mengine yaache yalivyo. Nina miaka thelathini na mbili. Nimezaliwa Bwera, mpakani, na mama yangu ni wa upande wa Kongo, kwa hiyo mkiona Kiswahili changu kimechanganyika mnivumilie. Nimeolewa huku Ibanda, njia ya kwenda kupanda milima ya Rwenzori, ambako mume wangu ana nyumba ndogo ya kulaza wageni. Mtoto sina. Mume wangu ni mtu wa kushinda Kasese mjini, na wageni wasipokuwepo naweza kumaliza siku nzima sijaongea na mtu, labda kuku.

Mwaka juzi alisema biashara ya siku hizi ni tovuti. Akapata fundi wa kompyuta huko Kasese, fundi akamwambia alete picha na maneno. Mume wangu mkono wake mgumu. Akasema vitu vya bure vimejaa kwenye intaneti, ya nini kujisumbua? Maneno wakayachukua kwenye tovuti ya hoteli fulani ya pwani, wakabadilisha jina tu. Basi tovuti yetu ikatoka ikisema wageni wanaamshwa na upepo wa bahari! Sisi, watu wa milimani! Mtu mmoja akapiga simu kuuliza kama watoto wake wataweza kuogelea ufukweni. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mume wangu hakucheka. Akanipa simu yake akasema, "Wewe ulisoma. Andika wewe."

Jamani, niliandika kwa moyo wangu wote. Niliandika ukungu wa asubuhi, mto unavyosikika ukiwa kitandani, ugali wetu wa muhogo na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Nikapiga picha za vyumba, za bustani, za kahawa ikiwa imeanikwa. Kulikuwa na ukurasa wa mama mwenye nyumba kuwakaribisha wageni, kwa hiyo nikavaa kitenge changu kipya, nikamwomba jirani anipige picha nikiwa mlangoni.

Tovuti ilipotoka tena, maneno yalikuwa yangu lakini uso haukuwa wangu. Alikuwa mwanamke simjui, ngozi inang'aa, meno yote nje, nyuma yake taa za hoteli kubwa. Chini yake maneno yangu mimi: "Karibuni, mimi ndiye mama wa nyumba hii." Nikamuuliza mume wangu, huyu ni nani?

"Sijui. Iko ya bure," akajibu, hata kichwa hakuinua. "Picha yako ilikuwa na giza. Wazungu wanataka kitu safi."

"Si unipige nyingine?"

"Mama, hii ni biashara. Utaonea picha wivu?"

Akaipenda mpaka akaichapisha kwenye kibao cha barabarani. Jirani yetu anayeuza matoke alipokiona akapiga kelele, "Banange! Muke mwenzako alikuya lini? Na hata pilau hatukukula?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilipofika ndani nililia.

Wageni wakaanza kumwandikia yule mama barua pepe, na kazi ya kujibu ikawa yangu. Ndipo akaandika mwalimu mmoja mstaafu wa Uholanzi, nimwite Mama Els. Kwanza aliuliza habari za mablanketi na matope. Halafu siku moja akaandika, "Na wewe mwenyewe unaendeleaje?" Sikumbuki mtu mwingine aliyeniuliza hivyo na kusubiri jibu. Tukaendelea kuandikiana, mwaka umepita sasa. Mimba yangu ilipoharibika, mume wangu alisema "pole" akaenda zake Kasese. Mama Els aliniandikia barua ndefu, akaniambia na yeye aliwahi kuzika mtoto. Mambo yangu yote anayajua yeye. Mara nyingi nilianza kumwambia ile picha si mimi, nikafuta. Nilimwogopa mume wangu, na aibu pia nilikuwa nayo.

Sasa anakuja, na wenzake kundi zima. Ameandika, "Ukitoka tu mlangoni nitakutambua, uso wako nimeuzoea."

Nilipomsomea mume wangu, alifurahia lile kundi. Halafu akakuna kichwa. "Wewe nenda Bwera kwa mama yako mpaka waondoke. Nitasema bibi yangu amesafiri."

Nikamwambia huyu ni rafiki yangu. Rafiki niliye naye ni huyo tu.

"Rafiki yako? Iko rafiki ya picha."

Baadaye akaniona nimekaa jikoni silali wala sipiki, akadhani ananihurumia. "Kama unataka kumuona, bakia, umupelekee chai. Nitasema uko musichana wa jikoni. Lakini ukifungua mdomo wageni wakasema sisi waongo, hiyo Bwera utaenda na nguo zako zote."

Ndugu zangu, anafika wiki ijayo. Nikienda Bwera, atalala nyumbani kwangu na kuondoka bila kuniona. Nikisema, sijui kama ataniamini, na ndoa yangu sijui itafika wapi. Lakini kinachoninyima usingizi ni ile chai. Najiona nimesimama mbele yake na sinia, ananiambia asante vizuri, kwa sababu ni mtu mwenye adabu, halafu anaangalia mlangoni nyuma yangu, ananitafuta.

Wenye uzoefu nishaurini, msinitukane. Nibebe sinia nikanyamaza, au niseme?